Rangi ya Mnayope

Masasi, 6 Juni 2023

Mama Sadallah, shikamoo.

Natumaini baridi ya Newala haijakutesa sana mwaka huu na Sadallah amepona mafua yake. Huku sisi ni wazima. Nakuandikia kwa sababu jana nilikupigia weee, sauti yako ikawa inafika vipande vipande kama mtu anayezungumzia ndani ya pipa.

Mkurugenzi, Ndugu Yoeli, amenipa kazi nisiyoweza kuifanya bila wewe. Anasema shirika letu la maji limekua, haifai tena taarifa za vijiji zikae kwenye mafaili ya Excel ambayo nayaelewa mimi peke yangu. Anataka programu itakayochukua taarifa wanazotuma watu wako wa vijijini na kuzigeuza ramani na michoro, ili yeyote ofisini akifungua kompyuta aone kwa macho: hapa kuna maji, pale hakuna, boza letu la kubebea maji liende wapi. Kijani ni maji yapo, njano yanapungua, nyekundu hakuna.

Nimeangalia nyingi, zimebaki mbili. Moja inaitwa Mwonekano, inauzwa na kampuni ya Dar es Salaam. Hiyo inapendeza! Ukigusa kijiji kinafunguka kama ua. Ila inataka mtandao muda wote. Nyingine ni Jedwali Huru, ya bure, inafanya kazi hata mtandao ukikatika, lakini sura yake ni ya karatasi ya mtihani.

Wewe ndiye mratibu wetu wa huko juu, vijiji vyote vya upande wa Newala vinapita mikononi mwako. Niambie unataka programu ikufanyie nini. Na usiniandikie kiofisi, niandikie kama tunavyozungumza.

Mdogo wako,
Loveness

*

Newala, 11 Juni 2023

Loveness mdogo wangu, marahaba.

Sadallah amepona, sasa ananisumbua kuliko alivyokuwa mgonjwa. Barua yako nilimsomea baba yake. Tulipofika kwenye ua linalofunguka tukaangaliana, tukacheka, kwa sababu hakuna kati yetu aliyeelewa. Lakini nitakujibu.

Wewe umekuja kazini wakati wa masika, hujauona mwisho wa kiangazi huku. Matangi ya maji ya mvua majumbani yanakauka, bomba la kijiji linatoa upepo, na akina mama wanashuka genge kwenda kuchota bondeni. Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda na ndoo kichwani kwenye njia ambayo mbuzi mwenyewe anafikiria kwanza. Boza letu ni moja. Kila nikipiga simu Masasi kuliomba, naulizwa, "Kwa nini kijiji hicho, kwa nini siyo kile?" Nataka hiyo picha inijibie.

Kisha nina swali moja. Watu wangu wanaotuma taarifa ni wa kujitolea. Chukua Silvano wa Mnayope, kule kata ya Mkunya. Simu yake imepasuka kioo, na kutuma taarifa mpaka atembee hadi barabarani kwenye mtandao. Wiki Silvano asipotuma, programu yako itafanya nini? Itanyamaza naye, au itatuambia kwamba Mnayope wamenyamaza? Maana kwangu mimi kijiji kilichonyamaza ndicho chenye shida.

Msalimie Ndugu Yoeli.

Shamsia

*

Masasi, 30 Julai 2023

Mama Sadallah, shikamoo.

Samahani nimechelewa, nilikuwa kwenye majaribio usiku na mchana, halafu juzi ndiyo ikawa siku ya bodi. Wafadhili nao walikuja. Nilisimama na projekta nikaonyesha programu zote mbili, moja baada ya nyingine, kwa taarifa zilezile za vijiji vyako.

Jedwali Huru ilipotokea ukutani, nakwambia, niliona aibu kama vile mimi ndiye niliyeitengeneza. Ramani ina madoa meupe kila mahali. Ndugu Yoeli akasema, "Hii inatufanya tuonekane hatufanyi kazi." Nilipofungua Mwonekano chumba kizima kikasema, "Ahaa!" Mama mmoja wa wafadhili alipiga makofi. Nilikuwa nimeandaa jedwali la alama: urahisi wa kutumia, mwonekano, Kiswahili, kutumika kwenye simu, mafunzo. Mwonekano ikashinda kwa mbali. Imepitishwa palepale, na mimi nitakwenda Dar es Salaam Septemba kufundishwa namna ya kuiendesha. Sijawahi kupelekwa mahali na ofisi.

Kuhusu swali lako la Silvano, usiwe na wasiwasi. Mfumo una namna yake ya kushughulikia taarifa zisizokuja.

Asante kwa mawazo yako. Niliyataja mbele ya bodi.

Loveness

*

Newala, 23 Septemba 2023

Loveness mdogo wangu,

Hongera ya safari. Ukirudi utuletee walau harufu ya jiji.

Huku ni korosho tu. Watu wanahamia mashambani asubuhi, hata ukifa mchana utazikwa jioni wakirudi. Nimefanya ziara vijiji vya upande wa magharibi, kule taarifa zinatumwa vizuri na boza limefika mara mbili. Kwa hiyo picha yako inajibu kweli, sijaulizwa tena kwa nini hiki siyo kile.

Mnayope sina mtu. Silvano amekwenda Mtwara kumuuguza baba yake na hajui atarudi lini. Nilimtafuta mwingine wa kumshikia, kila mtu ananiambia baada ya korosho. Mara ya mwisho alipotuma, katikati ya Agosti, bomba lilikuwa linatoa maji. Sasa nasikia halitoi, ila nimesikia njiani tu, sijafika. Zamani ningepanda pikipiki nikaenda kuangalia. Safari hii nimekumbuka ulichoniandikia, kwamba mfumo unashughulikia zisizokuja, basi nimeacha kunyamaza kwao kuwaambie ninyi wenyewe. Naamini ukimya wao mnauona hapo na boza mnalipanga.

Uwe na safari njema.

Shamsia

*

Masasi, 9 Oktoba 2023

Mama Sadallah, shikamoo.

Nimerudi jana. Barua yako nimeikuta mezani. Mafunzo yalikuwa mazuri sana, nitakusimulia tukionana. Nimepewa cheti, Ndugu Yoeli anataka kukitundika mapokezi.

Naandika haraka, wageni wa wafadhili wanaingia kesho na wanataka kuiona ramani ikiwa hai. Iko vizuri, upande wako wote unapendeza. Mnayope nitaiangalia.

Loveness

*

Ndanda, 24 Oktoba 2023

Loveness,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali hapa Ndanda. Simu yangu imezima, nimeomba karatasi kwa muuguzi, na barua hii nitampa dereva wa basi la Masasi.

Mnayope hawajapata boza tangu mwanzo wa Septemba. Hata mara moja. Bomba limekufa kabisa. Jumamosi Anjelina, mke wa Erasto fundi baiskeli, alishuka bondeni na wenzake. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Wenzake walimkataza, akawaambia nyumbani hakuna hata maji ya kumnawisha mtoto uso. Wakati wa kupanda, karibu kabisa na juu, ndoo ilimyumbisha akateleza. Aliporomoka mpaka kwenye mti ulioota ukingoni. Wakampandisha kwa blanketi, wakampakia kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, usafiri hadi usafiri, mpaka wakafika hapa.

Madaktari wamemwokoa yeye. Nyonga imevunjika. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kike.

Nilipoingia wodini alinitambua. Hakulia. Aliniuliza, "Dada Shamsia, boza lilikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Sijui, mdogo wangu."

Akasema, "Lakini wewe ndiye unayelileta."

Loveness, niambie. Ramani ya ofisini ilikuwa inaonyesha nini kuhusu Mnayope? Nataka nirudi wodini nikiwa na jibu.

Shamsia

*

Masasi, 27 Oktoba 2023

Mama Sadallah,

Pole. Nimelia tangu barua yako imefika. Sina maneno ya kumwambia Anjelina, wala ya kukwambia wewe.

Umeniuliza kuhusu ramani. Nimerudi kuangalia. Ofisi haikupokea taarifa yoyote ya Mnayope tangu Agosti, tangu Silvano alipotuma ya mwisho. Hakuna kitu kilichoingia. Kwa hiyo waliopanga safari za boza hawakuwa na namna ya kujua.

Tafadhali usijiumize. Ulikuwa na vijiji vingi, na huu ni msimu wa korosho.

Nawaombea.

Loveness

*

Newala, 6 Novemba 2023

Loveness mdogo wangu,

Asante kwa kunieleza ukweli, na kwa kunieleza kwa upole. Mwingine angenilaumu waziwazi. Nilisoma barua yako mara nyingi na kila mara nilifika palepale: taarifa haikutumwa, na wa kuhakikisha inatumwa ni mimi.

Ijumaa nilikwenda Mnayope. Mwenyekiti aliitisha mkutano, watu wakaacha korosho zao wakaja. Nilisimama mbele yao nikawaambia, "Boza halikuja kwa sababu mimi sikuwapelekea Masasi habari zenu. Msimlaumu mtu mwingine." Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana. Erasto alikuwa amekaa nyuma na spana mkononi, akasimama, akaondoka. Mkewe bado yuko hospitali na wanasema hatashika jembe mwaka huu.

Nimemwandikia Ndugu Yoeli pia. Amenijibu kwamba kwa sasa nikae nyumbani, kazi ya uratibu ashike kijana mmoja, Fikirini, mpaka bodi iamue. Ni haki yake. Baba Sadallah anasema niache kuzungumza peke yangu nikifagia. Sikujua kama nazungumza.

Nakuomba kitu kimoja. Fikirini ni mgeni wa kazi. Mwelekeze ile ramani vizuri ili asije akakosea nilivyokosea mimi.

Shamsia

*

Masasi, 12 Novemba 2023

Mama Sadallah,

Sikuamkii kwa sababu sistahili kuitikiwa. Soma mpaka mwisho, ndipo ufanye utakavyo.

Wewe hukukosea. Mimi ndiye niliyejua.

Mwezi Julai, nikiwa kwenye majaribio, nililichukua swali lako nikalijaribu. Nilichagua kijiji kimoja nikazuia taarifa zake zisiingie, nikasubiri. Kwenye Jedwali Huru kijiji kile kilipoteza rangi, kikawa cheupe. Yale madoa meupe niliyokwambia yalitia aibu mbele ya bodi ndiyo hayo. Vilikuwa vijiji vilivyonyamaza. Kwenye Mwonekano kijiji kilibaki na rangi yake ya mwisho. Kama kilikuwa kijani, kinaendelea kuwa kijani, hata mwaka ukipita. Kuna mahali pa kubadilisha hilo kwenye mipangilio, lakini ukibadilisha ramani inakuwa na mapengo kama ile nyingine, na uzuri wake unaisha. Niliandika jambo hilo kwenye ripoti ya ulinganisho. Siku moja kabla ya mkutano nililifuta.

Hakuna aliyeniambia nilifute. Ningependa kusema Ndugu Yoeli aliniagiza, lakini hata hakujua. Nililifuta kwa sababu nilitaka Mwonekano ishinde. Nilitaka ile "Ahaa!" Nilitaka Dar es Salaam. Na wewe nikakuandikia kwamba mfumo una namna yake ya kushughulikia. Nilichagua maneno hayo ili yasiwe uongo.

Haikuishia hapo. Tarehe tisa Oktoba, baada ya kusoma barua yako kuhusu Silvano, nilifungua ramani. Mnayope ilikuwa kijani. Nilijua ile kijani ni ya Agosti. Nilishika simu nimpigie dereva wa boza. Ndugu Yoeli akaniita twende tukapange viti vya wageni, nikaiweka simu chini. Kesho yake nilisimama mbele ya wageni, nikaelekeza kidole kwenye upande wako wa ramani, nikasema, "Newala hali ni nzuri." Anjelina alikuwa anashuka bondeni wiki zote hizo.

Uliponiuliza kutoka hospitali ramani ilionyesha nini, nilikujibu kuhusu taarifa, sikukujibu kuhusu rangi. Nikakuacha uende ukasimame mbele ya watu wa Mnayope na kosa langu.

Leo asubuhi nimemweleza Ndugu Yoeli yote. Akaniuliza, "Shamsia anajua?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi anza na yeye." Bodi itakaa mwisho wa mwezi.

Loveness

*

Newala, 17 Novemba 2023

Loveness,

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyotaka.

Nilikuuliza kwa maandishi. Sikukuuliza kwa mafumbo, nilikuuliza kama mtu anavyomuuliza mdogo wake: kijiji kikinyamaza itakuwaje? Ungeniandikia mstari mmoja tu, "Dada, itabaki kijani," ningepanda pikipiki siku ileile.

Umeniacha nikamwomba msamaha Erasto. Umeniacha niondoke kazini. Mwanangu ameulizwa shuleni kama mama yake ndiye aliyeua mtoto wa Anjelina. Na mimi nikakuandikia asante! Nikiikumbuka ile asante nashikwa na joto mwili mzima.

Halafu likishapita joto, nakumbuka kwamba na mimi nilisikia njiani bomba limekufa, nina miguu, nina pikipiki, nikakaa. Hilo ni langu na sikupi. Lakini la kwako ni kubwa, nalo usinigawie.

Usiniandikie kwa sasa. Salamu pia usinitumie kwa watu.

Shamsia Fikiri

*

Masasi, 3 Desemba 2023

Mama Sadallah,

Umeniambia nisiandike, nami nisingeandika kama si la lazima.

Bodi imekaa. Niliwasomea ile sehemu niliyoifuta, kisha nikafungua programu mbili tena ukutani, safari hii nikawaonyesha Mnayope peke yake. Kwenye moja kijani, kwenye nyingine nyeupe. Hakuna aliyesema "Ahaa." Yule mama aliyepiga makofi Julai aliomba atoke nje kidogo. Wameamua kutumia Jedwali Huru, na kijiji kikinyamaza wiki moja lazima mtu aende kwa miguu yake, na aliyekwenda aandike alichokiona. Wewe umerudishwa kazini, barua rasmi inakuja. Ndugu Yoeli atakuja mwenyewe Mnayope kuwaambia watu kwamba kosa ulilojitwika mkutanoni halikuwa lako.

Mkataba wangu unaisha mwezi huu na hautaendelea. Sikupinga.

Jumamosi nakwenda Mnayope. Anjelina amesharuhusiwa. Sitaki Ndugu Yoeli aniwakilishe kwake. Nakwambia ili usishangae ukisikia, si kwamba nakuomba unisindikize.

Loveness

*

Newala, 14 Desemba 2023

Loveness,

Nilikuwepo. Nilifika mapema, nikakaa kwa jirani wa Anjelina, mlango ukiwa wazi. Nilikuona ukishuka kwenye pikipiki na ule mkoba wako wa kompyuta, nikajiuliza amekuja na kompyuta ya nini, mpaka nilipoona umeiacha imefungwa na umekaa chini kwenye mkeka.

Sikusikia yote uliyosema. Nilisikia ulipofika kwenye siku ya wageni na kidole chako kwenye ramani. Ulilisema bila kulipunguza, hilo nakubali. Nilimsikia Anjelina vizuri, maana yeye hasemi taratibu. "Kwa hiyo uliniona," alikwambia. Ukasema, "Niliona kijiji chako." Akasema, "Mimi nipo ndani ya kijiji." Ukauvuta mkoba wako karibu. Akakwambia, "Nimesikia. Sasa nenda."

Ukaondoka. Ulipita mbele ya mlango wa nyumba niliyokaa, mita chache tu, ukiwa umeinamisha kichwa, na mimi nikajikunja nyuma ya pazia kama mwizi. Nilikuwa na maneno mengi ya kukwambia, nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Sikutoka.

Baadaye niliingia kwa Anjelina. Anatembea kwa magongo mpaka uani na kurudi, daktari anasema ataweza kutembea sawa, ila ataburuta kidogo. Tulikaa. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha jana yake, matangi yalikuwa yanaanza kupata kitu chini. Hatukukuzungumzia kwa muda mrefu. Kisha Erasto akaingia kutoka kwenye baiskeli zake, akauliza, "Yule binti ametoka Masasi alfajiri. Amekula?"

Nikasema sijui.

Akasema, "Hamkumuuliza?"

Anjelina akatazama pembeni. Mimi nikatazama mikono yangu. Mtu amesafiri kutoka Masasi kule chini mpaka huku juu, ameingia nyumba ya watu aliowaumiza, akatoka na njaa, akapanda tena pikipiki mpaka kituoni, na sisi wanawake wawili wazima hatukumpa hata maji. Nimejaribu kujiambia ulistahili. Nimejaribu sana, kwa sababu nakasirika nawe kila asubuhi, na bado sijamaliza. Lakini nikifika hapo penye njaa yako hasira inakosa pa kushika.

Sijakusamehe. Anjelina naye sijui kama atakusamehe, na sitamuuliza. Nimerudi kazini, Fikirini ananisaidia, leo tunakwenda vijiji viwili vilivyonyamaza.

Ukipata sababu ya kuja tena huku, usipite mlango wangu. Ingia. Utakula kwanza, halafu nitakusema yote niliyoyapanga.

Shamsia